Jeni ya usanisinuru ikivunjwa, mwani unaendeleaje kuishi?

Mwalimu wa Umoja

Hamjambo wadau. Nafundisha Biolojia kidato cha tatu katika shule ya kutwa hapa Umoja. Wiki hii tumefanya lile jaribio la wanga: jani linachemshwa, linatolewa rangi kwa spiriti, halafu ayodini. Katika maelezo nikagusia kwamba watafiti huvunja jeni moja moja ili kujua kila moja inafanya kazi gani. Msichana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, ukivunja jeni ya usanisinuru, mmea si utakufa? Sasa mtafiti atachunguza nini?"

Nilimwambia nitamletea jibu Jumatatu. Nimesoma kwamba wengi hutumia mwani wa seli moja uitwao Chlamydomonas, lakini sijapata maelezo ya kwa nini huo hasa. Aliye karibu na maabara anisaidie. Na kama kuna kitu cha kuwaonyesha kwa macho, nitashukuru zaidi, maana maabara yetu haina mengi.

Mtunza Mwani

Habari ya kazi, mwalimu. Huyo binti mpe heko kwa niaba yangu. Swali lake ndilo lililofanya Chlamydomonas reinhardtii ipendwe na watu wa fani hii.

Mimi ni fundi wa maabara hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuilisha hii mwani na kuihamisha kwenye chupa mpya kabla chakula hakijaisha. Seli moja ina upana wa mikromita 10 hivi, ina mikia miwili ya kuogelea, na ina kloroplasti (sehemu ya seli inayofanya usanisinuru) moja tu, kubwa, yenye umbo la kikombe, inayojaza sehemu kubwa ya seli. Ina pia doa la kuhisi mwanga. Chupa ikiachwa mezani bila kutikiswa, unakuta kijani chote kimesogea upande wa dirisha na upande wa pili maji yamebaki karibu meupe. Huwa nawaita wanafunzi wapya waje waione hiyo kabla sijawafundisha kitu kingine chochote.

Sasa jibu lenyewe. Mwani huu unajua kula. Ukiuwekea asetati, yaani chumvi ya ile asidi iliyo kwenye siki, unaichukua kama chakula na kukua hata gizani. Tena ukiwa gizani hubaki kijani, tofauti na mche wa maharagwe ambao ukiufungia kabatini unatoka wa manjano. Kwa hiyo ukivunja jeni ya usanisinuru, seli haifi. Inaishi kwa asetati, kloroplasti yake ikiwa ndani na hitilafu yake, nawe una muda wa kuichunguza. Tahadhari ni moja: nyingi za aina hizo haziwezi kustahimili mwanga mkali, kwa hiyo tunazifunika au kuziweka kwenye taa hafifu.

Mwambie pia habari ya 1988, maana hapo utaona faida yake. John Boynton na Nicholas Gillham wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na wenzao, walikuwa na seli zilizopoteza kipande cha jeni iitwayo atpB, iliyo ndani ya kloroplasti. Jeni hiyo hutengeneza sehemu ya mtambo wa kuunda ATP, yaani kibeba nguvu cha seli. Seli hizo zilikuwa hai kwa sababu ya asetati tu. Wakapaka DNA yenye jeni nzima kwenye punje ndogo mno za tungsteni, wakazifyatulia seli hizo, kisha wakaziweka kwenye mwanga bila asetati. Hapo hakuna chakula cha bure: isiyoweza usanisinuru haikui. Zilizokua zikawa ni zile zilizopokea jeni na kupona. Hiyo ndiyo mara ya kwanza jeni kuingizwa kwenye kloroplasti na ikatulia humo.

Nasisitiza "ndani ya kloroplasti" kwa sababu wanafunzi wengi hudhani DNA yote iko kwenye kiini. Kloroplasti ina yake. Na DNA hizo mbili hazifanyi kazi kila moja kivyake. Chukua Rubisko, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi: sehemu yake kubwa huandikwa na jeni ya kloroplasti, sehemu ndogo na jeni za kiini. Protini ya kiini lazima isafiri, ivuke tando mbili, ikaungane na mwenzake ndani. Miaka inapita nikiona kazi hii na bado huwa nasimama nikifikiria jambo hilo.

Kijani Kasarani

Mimi nauza spirulina ya unga. Ina maana nayo ina kloroplasti ya namna hiyo? Na ile wanayokula flamingo kule Nakuru na Bogoria?

Mtunza Mwani

Hapana, ndugu. Spirulina ni bakteria, na hicho cha flamingo ni jamii hiyo hiyo. Haina kloroplasti wala kiini. Klorofili yake, yaani rangi ya kijani inayonasa mwanga, iko kwenye tando zilizo ndani ya seli moja kwa moja. Ila ni ndugu wa mbali wa kloroplasti. Zamani sana seli moja ilimmeza bakteria wa jamii hiyo, hakumeng'enywa, akabaki humo. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilisema hilo 1905, na Lynn Margulis akalitetea upya 1967. Ndiyo maana kloroplasti ina DNA yake.

Mwalimu, sasa cha kuonyesha. Usiimwage ile spiriti ya kijani mnayobaki nayo baada ya jaribio la wanga. Mimina kidogo kwenye gilasi safi, zima taa, funga mapazia, halafu imulike kwa tochi ya kukagua noti, kama walizo nazo mawakala wa M-Pesa. Tazama kutoka ubavuni. Kijani kitageuka chekundu kama damu.

Klorofili ikipokea mwanga, nguvu hiyo ina njia tatu: kufanya kazi ya usanisinuru, kuwa joto, au kurudi nje kama mwanga mwekundu. Kwenye jani zima inayorudi ni asilimia chache, jicho halioni. Kwenye spiriti klorofili imetolewa kwenye tando zake, hakuna kazi ya kufanya, kwa hiyo nyekundu inaonekana wazi. Watafiti hutumia hilo hilo kutafuta seli zilizoharibika. Pierre Bennoun na R. P. Levine waliandika juu ya njia hiyo 1967: mulika sahani ya agari (jeli ya kuoteshea) yenye koloni nyingi, yaani vishada vya seli, na ile ambayo njia ya elektroni, inayopitisha nguvu ya mwanga, imekatika itang'aa nyekundu kuliko jirani zake. Unaichukua kwa kijiti, unaihamishia kwenye asetati, unaanza kuuliza ni jeni gani.

Mwalimu wa Umoja

Asante sana. Spiriti yetu ya shule imetiwa rangi ya zambarau. Itaharibu? Na naweza kutumia sukuma wiki? Majani ya bustani yetu yamekauka.

Mtunza Mwani

Ya zambarau itakusumbua. Nunua ile isiyo na rangi kwenye duka la dawa. Sukuma wiki ni sawa, mchicha na managu pia. Katakata, ponda, loweka nusu saa mahali pasipo mwanga, chuja kwa kitambaa. Hivyo huhitaji moto kabisa, na kwa darasa lenye watoto wengi ni heri, mvuke wa spiriti hushika moto haraka. Ikitoka nzito sana ongeza spiriti mpaka uone kidole chako upande wa pili wa gilasi, la sivyo nyekundu itamezwa humo humo ndani. Tochi ibaki mkononi mwako, isielekezwe machoni mwa mtoto yeyote. Weka kando gilasi nyingine ya spiriti tupu ili walinganishe.