Nimelipa yen 4,800 kwa maharage. Huyu mtu tumfanyeje?

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye treni, mikono inatetemeka. Mkikuta makosa ya herufi msinisahihishe leo.

Mnamjua. Jina sitaji, humu yumo na uzi atausoma huku anachokonoa meno kwa kijiti cha mshikaki nilioulipia mimi. Yule wa "Wabongo tusitengane huku Tokyo, tutoke tujumuike". Huyo huyo.

Tumeenda watu sita kwenye izakaya moja, baa ya Kijapani yenye vyakula, pale Yurakucho, zile za chini ya reli. Waliofika wanapajua: unakalia kreti la bia, treni ikipita juu glasi zinacheza singeli, na moshi wa makaa unakaa kwenye koti mpaka wiki ijayo. Wahudumu wanakupokea kwa ukelele kama umerudi kutoka vitani. Nilipapenda, sikatai.

Sasa mimi pombe situmii, na yeye anajua tangu Dar. Nikaagiza chai baridi ya oolong, glasi mbili. Tsukune vijiti viwili, ile kuku ya kusaga. Na edamame, yaani maharage ya soya mabichi yaliyochemshwa na maganda yake, chumvi juu, unaminya yanarukia mdomoni. Basi.

Yeye? Bia ilipofika jagi la saba nikaacha kuhesabu, nikaanza kumwombea. Sashimi, ile samaki mbichi. Mabawa. Ngozi. Firigisi. Ulimi wa ng'ombe kaurudia mara tatu kama mtu aliyeambiwa kesho hafiki. Mhudumu akipita tu, "sumimasen!", yaani samahani, utadhani anaita bodaboda.

Saa tano na nusu katoa simu. Bili 28,800. "Tusiumizane vichwa, treni ya mwisho hiyo, gawa kwa sita."

Nikamwambia kwa upole, ndugu yangu, vyangu ni 1,850, na hapo nimeweka maharage yote, na kale kabakuli ka kabichi wanakokuletea hujaagiza halafu unakatwa 400. Akaniangalia. Akafuta mdomo. Akasema mbele za watu:

"Kwani wewe hukula maharage?"

KWANI WEWE HUKULA MAHARAGE.

Na sahani alikuwa ameivutia kwake! Mimi nimeambulia punje kumi na moja. Ganda la mwisho nimeliminya nikakuta tupu, kumbe alishalinyonya akalirudisha.

Geti la stesheni limelia, nasikia "kwani wewe hukula maharage". Mlango wa treni umefunga, "kwani wewe hukula maharage". Naomba ushauri.

Kijiti Kitupu: Pole mkuu. Ila kweli, hukula?

Mama Ubwabwa: 😂😂 Punje kumi na moja na umezihesabu. Wewe ndiye tatizo.

mleta uzi: Nilihesabu baada ya tukio!

Shemeji wa Osaka: Hiyo inaitwa warikan, kugawana sawa, ndiyo desturi yao. Ila hata Wajapani wakitoka na bosi, mara nyingi bosi anaongeza. Jamaa kachukua desturi nusu, ile nusu inayomfaa.

Msee wa Rongai: Hapo ulichezwa, bro. Huku kwetu mtu kama huyo bili ikikuja anaenda choo, harudi. Wako angalau alibaki.

Kijiti Kitupu: Kweli, wako ana utu.

Chumvi Kidogo: Nyie mnalia na bili. Mimi nilikaa izakaya Shinjuku, wakaleta karaage, kuku wa kukaanga wa moto, ngozi inalia kwachu. Mtu kachukua limau akaikamulia SAHANI NZIMA bila kuuliza. Ngozi yote ikalowa. Sijasamehe mpaka leo.

Mama Ubwabwa: Huyo alistahili kofi. Kuku wa watu!

Shemeji wa Osaka: Hata Wajapani wanagombania hilo hilo. Unauliza kwanza, au unakamulia kipande chako.

mleta uzi: Jamani, turudi kwenye 4,800.

Bwana Pilipili: Limau au ndimu? Kuku anakamuliwa ndimu.

Chumvi Kidogo: Limau. Ya njano.

Bwana Pilipili: Ya njano ndimu iliyoiva.

Mama Ubwabwa: Weee! Ndimu ndogo, ina ganda jembamba. Limau lina chuchu.

Msee wa Rongai: Sisi zote tunaita ndimu na maisha yanaendelea.

Mama Ubwabwa: Ndiyo maana pilau yenu iko vile.

Msee wa Rongai: Pilau imeingiaje hapa??

mleta uzi: Wakuu, nimeshuka kituo, mvua inanyesha, mfukoni nina yen 60. Kwani mimi nili...

Bwana Pilipili: Mkuu subiri kidogo. Mama Ubwabwa, hiyo yenye chuchu huko Tanga mnaiitaje?