Chambo cha kutengeneza kwa kambale wa Ziwa Rutamba: kinayeyuka kabla samaki hajafika

Mwalimu wa Lindi ameuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mkazi wa Lindi mjini, na kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikienda Ziwa Rutamba siku za Jumamosi kuvua kambale kwa mshipi. Nimechoka kuchimba minyoo, hasa wakati wa kiangazi, ambapo ardhi hukauka na mtu hulazimika kuchimbua ukingo mzima wa shamba la mpunga ili apate minyoo kumi. Kwa hiyo nimeamua kutumia chambo cha kutengeneza, lakini hadi leo sijafanikiwa.

Nimejaribu aina tatu. Ya kwanza ni ugali mgumu wa sembe niliouchanganya na dagaa waliotwangwa. Unanuka vizuri, lakini ukikaa majini dakika kumi nikavuta mshipi, ninakuta ndoana tupu, inang'aa kama imeoshwa kwa sabuni. Ya pili ni damu ya mbuzi niliyoipata machinjioni, nikaichanganya na pumba na kuifungia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko ili ichachuke kwa siku nne. Siku ya tano nilipanda nayo bodaboda. Tulipoingia barabara ya vumbi mfuniko ulifyatuka, na dereva, ambaye hadi wakati huo alikuwa akiniita mwalimu, alisimamisha pikipiki na kuniomba kwa adabu niendelee kwa miguu. Ya tatu ni kopo alilonitumia shemeji yangu aishiye Marekani, lenye uji mzito wa rangi ya kahawia unaonuka kama jibini iliyooza. Niliupaka kwenye ndoana ukadondoka miguuni pangu kabla sijarusha.

Naomba kufahamishwa: ni chambo gani kati ya hivi kinachofaa kwa maji yetu yaliyotulia, na ni vipi nikifanye kishike kwenye ndoana? Vitoto vya perege navyo vinadonoa kila kilicho laini, na sijui nivikwepe vipi.

---

Mzee wa Chubwi amejibu:

Mwalimu, salamu kutoka Nanyumbu. Nimesoma maelezo yako mara mbili, nami naona kwamba hujakosea harufu hata mara moja. Ulichokosea ni mshikamano. Kambale ana sharubu nane, na vionjio vyake havikukaa kwenye sharubu peke yake bali vimetapakaa hata kwenye ngozi yake isiyo na magamba, kiasi kwamba ndani ya maji ya matope, ambamo macho yake madogo hayamsaidii sana, bado anaonja chakula kabla mdomo haujakigusa. Kwa samaki wa namna hiyo kiganja kimoja cha dagaa kinatosha kabisa. Lakini ladha humfikia kupitia maji, na hivyo chambo ni lazima kiachie kitu kidogo kidogo kwa muda mrefu. Chambo kinachoyeyuka chote kwa dakika kumi kimemaliza karamu kabla mgeni hajapiga hodi.

Tuanze na kopo la shemeji yako, maana hilo umelionea bure. Kambale anayekusudiwa na watengenezaji wa kule si huyu wetu, ingawa naye ana sharubu nane na hana magamba, na wanafanana kwa tabia ya kufuata harufu. Chambo cha uji hakipakwi kwenye ndoana tupu. Ni chambo cha kuchovya. Wenzetu hutia ndoanani kipande cha sponji au kijipira chenye mifereji, wakakichovya ndani ya kopo, wakarusha, na kila baada ya muda wakavuta na kuchovya tena. Wewe kata sponji ya godoro kipande cha ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, uivishe ndoana, uikamue ndani ya kopo ili inyonye. Jambo la pili ni joto. Vyambo hivyo hulegea kadiri hewa na maji yanavyopata joto, na Rutamba wakati wa mchana si mahali pa baridi. Weka kopo kivulini, ulifunike kwa kitambaa chenye maji.

Iko pia aina nzito zaidi, ambayo ndoana yenye ncha tatu husukumwa ndani yake kwa kijiti na ikitolewa hutoka na tonge lake. Siri ya uzito ule ni nyuzi: huchanganya manyoya ya mmea fulani wa majini ili uji upate kitu cha kujishikiza. Sisi hatuna haja ya kuutafuta mmea huo, kwa sababu misufi imejaa pwani yote. Chukua sufi, ondoa mbegu, ikatekate kwa mkasi iwe fupi kama kucha, uikorogee ndani ya ule uji kidogo kidogo mpaka kijiti kisimame chenyewe. Ukiitia kwa pupa itajikunja iwe mavimbe na hutaweza kuyafumua.

Kuhusu damu, uliifungia kitu kinachotoa gesi, na gesi ilitafuta njia. Mfuniko wa kitu kinachochachuka huachwa umelegea. Lakini kuchachusha damu hakuna faida kubwa. Iache igande, inyunyizie chumvi nyingi, ikate vipande virefu, uvikaushe kivulini mpaka viwe kama ngozi ya kiatu kipya. Maini ya kuku nayo hukazwa kwa chumvi vivyo hivyo, la sivyo hutoka ndoanani wakati wa kurusha.

Hayo ya damu nakwambia wewe wa Rutamba, na hata huko uwaulize kwanza wenyeji juu ya mamba. Sisi tunaovua Ruvuma, chini kidogo ya Daraja la Umoja pale Mtambaswala, damu na matumbo hatuvimwagi ukingoni, kwa sababu mamba akizoea kula mahali huhesabu mahali hapo kuwa pake. Huku tunakaa juu ya kingo, mbali na maji, na jua likianza kuzama tunaondoka, ingawa tunajua fika kwamba kambale hula vizuri zaidi usiku. Chambo chetu ni kigumu cha kuchemsha na chubwi ni nzito, maana mkondo hauna subira na tonge laini.

---

Mama wa Mtama amejibu:

Mwalimu, pole kwa mkasa wa bodaboda, ingawa nimecheka mpaka watoto wamekuja kuuliza kuna nini. Mimi si mvuvi, mvuvi ni mume wangu anayevua Lukuledi, lakini chambo kinapikwa jikoni kwangu, kwenye sufuria ya zamani niliyoitenga kwa kazi hiyo.

Sembe umeionea. Sembe haina unato. Ugali wake ukilowa hurudi kuwa chenga. Tumia unga wa makopa, kwa sababu muhogo ukiiva huvutana kama mpira. Mimi hupima vikombe viwili vya unga wa makopa, kikombe kimoja cha mashudu ya alizeti yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, niliyoyatwanga upya na kuyachekecha, nusu kikombe cha dagaa waliosagika kabisa, na mayai mawili. Ninakanda, nikiongeza maji kwa vidole tu, mpaka donge lisishike mkononi. Halafu ninaviringisha vidonge vya ukubwa wa goroli kubwa, ninavitoboa katikati kwa sindano ya kushonea magunia, na kuvitumbukiza kwenye maji yanayotokota. Vikielea ninahesabu dakika mbili, ninaviopoa, ninavianika kivulini juu ya ungo mpaka kesho yake.

Hapo ndipo penye jibu la perege wako. Yai likipata moto hutengeneza ngozi ngumu kuzunguka kidonge, na vile vitoto vitagonga na kugonga bila kumega, wakati kambale anakimeza kizima. Wavuvi wa Uingereza hutengeneza vidonge vya kuchemsha vya namna hii kwa samaki wao aitwaye kapi, kwa sababu hiyo hiyo ya kuwakwepa samaki wadogo.

Usisafiri kabla ya kujaribu. Tia kidonge kimoja kwenye glasi ya maji, ukiweke dirishani, ukitazame baada ya saa moja. Kinatakiwa kivimbe kidogo na maji yaliyokizunguka yawe na ukungu mwembamba unaoshuka chini. Kikimeguka, ongeza makopa au yai. Maji yakibaki meupe kabisa kama hukutia kitu, umekichemsha kupita kiasi na hata kambale mwenye njaa hatajua kipo.

Mume wangu aliwahi kuchanganya makapi ya mabibo yaliyobaki baada ya watu kukamua uraka, akidai kwamba utamu na uchachu vitavuta samaki. Vilivuta siafu, na jirani mmoja aliyefikiri kuna kinywaji.

---

Kijana wa Mikindani amejibu:

Shikamooni wakubwa. Mbona hamjataja sabuni? Marehemu babu alikuwa akikata sabuni ya mche vipande vya pembe nne, akavitia kwenye ndoana nyingi za kutega usiku, na asubuhi anarudi na kambale. Ni rahisi, haiozi, na perege hawaigusi. Pia nimesikia wapo wanaosaga utupa na kuutia ndani ya tonge. Je, hilo linasaidia?

---

Mzee wa Chubwi amejibu:

Marahaba, kijana. Sabuni ni kweli, na babu yako hakuwa na mzaha. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta, na zile za zamani zilizopikwa kwa mafuta ya mnyama zilikuwa chambo kizuri cha kutega, hasa kwa kuwa huisha polepole. Hizi za leo zenye manukato na rangi sizipendi. Nimezitumia usiku mzima nikaambulia ndoana safi. Ukipata ile isiyo na marashi, ijaribu kwa kutega, si kwa kukaa na mshipi mkononi, maana inahitaji saa nyingi.

Utupa usiuguse. Ni sumu, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu. Isitoshe, mmea ule unaua kila kitu chenye matamvua, vifaranga vya perege vikiwa vya kwanza, na samaki huyo unakwenda kumlisha mama yako.

---

Mwalimu wa Lindi amejibu:

Wakubwa zangu, shikamooni na ahsanteni. Nimerudi baada ya Jumamosi mbili ili nisiwe mtu wa kuchukua elimu na kukimbia.

Vidonge vya Mama wa Mtama vilifaulu mtihani wa glasi mara ya pili. Mara ya kwanza nilitia yai moja kwa ubahili vikapasuka. Jumamosi ya kwanza nilirusha mahali pangu pa siku zote, penye maji marefu, nikakaa kuanzia saa nne hadi saa tisa bila kitu, ila kila nilipovuta nilikuta kidonge bado kizima, chenye alama ndogo ndogo za meno ya perege kama kimechomwa kwa pini. Hilo peke yake lilinifurahisha. Saa kumi na moja jioni niliona kambale wakipanda juu kuvuta hewa kando ya matete, mmoja baada ya mwingine, wakiacha mapovu, ndipo nilipoelewa kwamba kwa mwaka mzima nimekuwa nikiwaandalia meza nyumba ambayo hawaishi. Nilihamia pale na kabla ya magharibi nikampata mmoja, urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole.

Jumamosi ya pili nilitumia mishipi miwili, mmoja wa vidonge na mmoja wa sponji yenye uji wa shemeji niliouchanganya na sufi. Kijiti kilisimama. Sponji ilichezewa mapema kuliko vidonge, lakini samaki aliyefika ndoanani alikuwa wa kidonge tena. Kwenye sponji nilivutwa mara tatu kwa nguvu, na mara zote tatu nikavuta maji matupu. Nimekosea wapi? Ndoana ni ya kawaida ninayotumia kwa minyoo, na sponji niliikata kubwa kidogo ili inyonye zaidi.

---

Mzee wa Chubwi amejibu:

Umejijibu katika sentensi ya mwisho, mwalimu. Sponji kubwa juu ya ndoana ndogo hujaza uwazi wote kati ya mti wa ndoana na ncha yake, kwa hiyo samaki anapofunga mdomo anabana godoro na ncha haigusi nyama. Ipunguze sponji, au uongeze ndoana, ukikumbuka kwamba madukani namba ikipungua ndoana inakuwa kubwa. Ncha ibaki nje kabisa, kavu na kali. Jaribu kuiburuza juu ya ukucha wa kidole gumba, ikiteleza inoe, ikikwaruza inatosha. Kidonge nacho usikichome kwa ndoana, kifunge kwa uzi kining'inie chini kidogo ya mpindo, na ndiyo maana Mama alikuambia ukitoboe mapema.

Halafu usivute kwa mguso wa kwanza. Kambale hugusa kwa sharubu, hurudi nyuma, hukipokea, kisha huondoka nacho. Ngoja mshipi uanze kwenda, uhesabu mbili, ndipo uvute. Na unapomtoa ndoanani mshike nyuma ya mapezi ya kifuani, kwa sababu kila pezi lina mwiba wake, na mkono wenye jeraha hautakanda makopa wiki nzima.