Tupeane uzoefu: "take" ya Kiingereza ilikukwamisha wapi, na lugha nyingine zinasemaje?

Mfasiri wa Kinondoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kutafsiri: vipeperushi vya afya, mikataba midogo midogo, maelekezo ya mashine. Maneno ya kisheria hayanisumbui sana, kamusi zipo. Kinachonichelewesha ni kitenzi ambacho mtoto wa shule ya msingi anakijua, "take". Kwa Mwingereza, dawa, basi, picha, mtihani, kiti na hata kuoga, vyote vinaingia humo. Sisi dawa tunakunywa au tunameza, basi tunapanda, picha tunapiga, mtihani tunafanya, kwenye kiti tunakaa, na kuoga tunaoga tu.

Sasa hivi naletewa kazi za kuhariri zimejaa "chukua" kila mstari. Juzi kuna tangazo liliandikwa "semina itachukua nafasi Jumamosi". Itachukua nafasi ya nani? Kocha mpya anachukua nafasi ya aliyeondoka. Semina inafanyika, basi. Linaniuma kwa sababu msomaji anayejua Kiingereza analazimika kulirudisha tangazo kwenye Kiingereza kichwani ndipo alielewe. Asiyekijua anabaki na maneno ya lugha yake mwenyewe yasiyomwambia kitu.

Naomba tupeane uzoefu. Hospitali, sokoni, shuleni, safarini, popote lilipokukuta. Na mnaojua lugha nyingine, huko wanasemaje?

Nesi wa Temeke

Hili lako mkuu nimeliona kwa macho. Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi kililetewa bahasha za dawa zimechapishwa "Chukua vidonge … mara … kwa siku". Bibi mmoja kutoka Mbagala akasomewa na mjukuu wake, wakaondoka. Baada ya muda akarudi dirishani peke yake. "Mwanangu, nikishavichukua nivipeleke wapi?"

Watu kwenye foleni walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu bibi aliuliza sawasawa. Kwa mtu wa umri wake ukiambiwa chukua, kuna mahali kitu kinakwenda. Na dawa aliyopewa ilikuwa dawa mseto ya malaria, ambayo haitaki mchezo: mtu mzima vidonge 4 kwa mara moja, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla 24, na dozi ya pili inamezwa saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mgonjwa akisitasita kwenye kitenzi, zile saa 8 zinapita.

Nikamwandikia kwa kalamu, "Meza", nikamsomea, akaenda.

Kuna wenzangu wanapendelea "tumia" kwa sababu linabeba dawa zote, ya kumeza na ya kupaka. Ni kweli, lakini mitaani "anatumia dawa" tayari lina maana yake, ni mtu aliyeanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ukimuuliza mgonjwa wa presha kwa sauti mbele ya foleni "unatumia dawa?" utaona anavyogeuka kuangalia nani kasikia. Siku hizi namalizia jina kabisa, "unatumia dawa za presha?"

Mama Vitenge K/koo

Mimi nafuata mzigo Guangzhou. Kichina changu ni cha dukani, lakini kwenye hili nina la kusema.

Safari moja nilipata homa kali, mwenye duka ninayenunua kwake akaniambia "chi yao". "Chi" nalijua, ni kula, ndilo neno la kwanza nililojifunza huko kwa sababu ya njaa. "Yao" ni dawa. Kumbe Wachina dawa wanaila! Baadaye nikasikia Wajapani wao wanakunywa kama sisi, hata kama ni kidonge kikavu.

Lakini lililonifurahisha zaidi ni simu. Wanasema "da dianhua", na "da" ni kupiga, kupiga kabisa kama unavyompiga mtu. Yaani wanapiga simu kama sisi! Nilipoambiwa maana yake nilijisikia nyumbani ghafla, pale pale katikati ya marobota. Kwenye gari wao "wanakaa": zuo che, kaa gari. Sisi tunapanda kwa sababu gari lina ngazi, wao wameshafika kwenye kiti.

Mpiga Picha wa Coco

Mama Vitenge umenigusa kazini. Napiga picha pale Coco Beach na kwenye maharusi, na kila nikipata mteja mgeni huwa namuuliza kwao kitendo hiki wanakiitaje. Nimekuwa nikiyakusanya kwa muda sasa.

Mwingereza "anachukua" picha. Mjerumani anaitengeneza, "machen". Mhispania anaitoa, "sacar", na wageni wa Maputo wanaozungumza Kireno nao wanaitoa, "tirar", neno lile lile la kuondoa kitu kilipo. Mturuki anaivuta, "çekmek". Mhindi naye anaivuta, "khinchna", na hao wawili wako mbali sana kwa nasaba ya lugha. Mwarabu wa kusoma vitabu anasema "iltaqata", kuokota. Mchina anasema "pai", na "pai" ni kupiga kwa kiganja, taratibu, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni.

Kitendo ni kimoja, kidole kwenye kitufe. Kila watu wameona sehemu yake tofauti: mmoja kaona kitu kinatoka, mwingine kaona kinavutwa kuja kwake, sisi tumeona pigo. Napenda sana neno letu. Linanipa kazi mimi, mpigaji. Kijana akiniambia "nichukue picha" naitika, kazi ni kazi, lakini sikio halitulii.

Mwalimu Chang'ombe

Naomba niitetee "take" kidogo, maana isije ikaonekana ni upungufu wa Kiingereza peke yake. Nafundisha kidato cha kwanza, watoto wanaotoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili na kuingia masomo ya Kiingereza kwa mkupuo. Kwao shida inakwenda upande wa pili. Wanaandika "he beat me a picture". Tuna "piga", ndugu zangu. Piga simu, piga pasi, piga mswaki, piga deki, piga kura, piga hodi, piga magoti. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaumwa na "piga" kama tunavyoumwa na "take".

Dawa ninayowapa ni hii: hatusomi "take" kama neno lenye maana. Tunasoma "take medicine" kama kitu kizima, tunaandika pembeni "kunywa dawa". "Take a bus", kupanda basi. "Take off", pembeni mistari miwili, ndege inapaa, nguo inavuliwa. Na kuna moja ambayo wanafunzi wanakosa kila mwaka: "take me to hospital". Wengi wanaandika "nichukue hospitali". Ukisema nichukue hospitali, mimi nakuja kukufuata huko. Mgonjwa anataka apelekwe.

Kwa wanaopenda asili ya maneno, "take" si hata ya Waingereza kwa kuzaliwa. Ililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza zamani, kwao ni "taka". Waingereza walikuwa na kitenzi chao, "niman", ndugu wa "nehmen" ya Kijerumani, kikasukumwa hadi kikapotea.

Kijana wa Ujiji

Nyumbani Kigoma, sasa niko Ubungo. Nina jamaa Kongo na Rwanda. Kinyarwanda wana "gufata", kushika au kuchukua, na mgonjwa kule anaambiwa afate dawa, "gufata imiti", na hakuna anayeuliza azipeleke wapi. Kwa hiyo si Wabantu wote tunaokunywa.

Kifaransa kinafanana na Kiingereza kwenye mengi: basi, dawa na picha vyote ni "prendre". Ila kwenye mtihani wanaachana. Binamu yangu wa Lubumbashi alituma ujumbe, "j'ai passé l'examen". Dada aliyesoma Kiingereza akaona "pass", akatangaza nyumba nzima kwamba kafaulu, shangazi akachinja kuku. Kumbe kwa Kifaransa hiyo ni kufanya mtihani tu, kufaulu ni "réussir". Tukakaa wiki kadhaa roho juu, mpaka matokeo yalipotoka, na tunamshukuru Mungu alifaulu kweli.

Mzee wa Bandarini

Vijana, yule bibi wa Temeke alikuwa sahihi kuliko mnavyodhani. Nilianza kazi bandarini wakati mizigo mingi inashushwa kwa mabega. Mbeba mizigo anaitwaje? Mchukuzi. Wizara inayosimamia bandari, reli na ndege inaitwaje? Ya Uchukuzi. Kuchukua kwetu ni kubeba. Mwanamke anachukua mimba, anaibeba miezi tisa. Nguo ikikukaa vizuri, wazee wa pwani wanasema imekuchukua. Watu wanaovumiliana wanachukuliana, kila mmoja anabeba uzito wa mwenzake.

Kutia kitu mkononi na kukifanya chako, neno lake ni kutwaa. Mnalisikia bado, ila limebaki kwenye kurasa za michezo, timu imetwaa kombe, na kwenye misiba, "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa". Na Wakristo kwenye meza ya Bwana, "Twaeni, mle". Hakusema chukueni. Hilo mfasiri wa Biblia alilipima vizuri sana.

Ustadhi Ilala

Assalaam alaykum. Mzee kanifungulia jambo. Madrasa tunawaambia watoto "chukueni udhu", na kuna wazazi wanaona ni kosa, wanataka "tieni udhu" au "tawadheni". Yote yanatumika. Lakini kwa maelezo ya mzee, kuchukua udhu kunakaa vizuri kabisa, kwa sababu udhu unakuwa nao, unatembea nao mpaka utenguke. Mtu anaulizwa "una udhu?" kama anavyoulizwa kuhusu mzigo alioubeba.

Dereva Tegeta

Na bajaji je? Abiria wananiambia kila siku "nimechukua bajaji". Hawanibebi mimi, mimi ndiye ninayewabeba.

Mfasiri wa Kinondoni

Dereva, swali zuri, nami nimelifikiria. Hakuna anayesema "nimechukua daladala", ni kupanda. Mwendokasi nao tunapanda. Bajaji na bodaboda ndivyo tunavyochukua, na nadhani ni kwa sababu unakikodi, kwa safari ile ni chako, kinakwenda unakotaka wewe. Inawezekana Kiingereza kilitusukuma, inawezekana ni sisi wenyewe. Mimi hilo nalikubali bila shida, kwa kuwa hakuna anayekwama akilisikia. "Chukua muda" nalo limeshazoeleka, nimeacha kulipigania. Ninalolikataa ni lile la kumwacha bibi wa watu amesimama dirishani.

Mzee wa Bandarini

Bajaji mimi napanda.

Binti wa Upanga

Samahanini naleta swali badala ya uzoefu. Nimepewa kutafsiri karatasi ya dawa ya pumu, ile ya kichupa cha kubonyeza. Imeandikwa "take two puffs". Nimeshaandika na kufuta mara nyingi. Nesi, huko wagonjwa wanaambiwaje?

Nesi wa Temeke

Usitafute neno moja dada, mwandikie anavyofanya kwa mpangilio. Tikisa kichupa. Toa pumzi yote nje. Weka mdomoni, ufumbe midomo vizuri. Bonyeza mara moja huku unavuta pumzi ndani polepole. Bana pumzi kwa kadiri unavyoweza, mpaka kama sekunde 10. Subiri kidogo, halafu rudia mara ya pili. Mtoto mdogo atumie na chemba, yaani kile kikopo kinachounganishwa na kichupa. Ukimaliza mpe mtu wa nyumbani asiyejua Kiingereza aisome kwa sauti huku anafanya kwa mikono, uone atakwama wapi.