Tupeane uzoefu: Ukikuta bagi (hitilafu) kwenye programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, unairipoti wapi?

FundiStoo: Wakuu, jana nimetoneshwa kidonda. Duka la dawa ninalolihudumia limenunua kompyuta mpya, nikaweka ile programu huria ya stoo, ikarudia ugonjwa wa miaka mitatu nyuma: ukipokea bechi moja mara mbili, salio linasoma hasi. Amoxicillin −48, na makopo yako mezani nayatazama! Tiba yake ilishatolewa kwenye grupu la Telegram, kwa voisi ya dakika saba. Nimeisaka hadi saa nane usiku. Jogoo anawika, jamaa anasema "hapo weka ile alama ya kulala, siyo ya kusimama". Ya kulala ipi? Dashi (-) au andaskoo (_)? Mwenyewe kashatoka grupu. Nyie mnaripoti wapi, na maelekezo mnayatunza wapi?

Kidagaa: Jogoo kanimaliza. Ila huku kwetu pia kila kitu ni grupu.

Mzee Kerneli: GitHub, ule mtandao wa kuhifadhi msimbo na kupokea ripoti. Hakuna mjadala.

Tundu la Panya: Nani kakwambia wote wako huko? LibreOffice wana Bugzilla yao, tovuti ya kuripoti bagi. Debian, wale wa mfumo endeshi, wanapokea kwa barua pepe, hata bando la kuungaunga linatosha. GNOME, wale wa mwonekano wa skrini ya Linux, walihamia GitLab, mshindani wa GitHub, 2018; lugha ya Python ndio wakahamishia ripoti zao GitHub 2022. Soma kwanza mradi wenyewe unataka nini.

Mzee Kerneli: Sijaomba historia mkuu.

Binti Kisarawe: Ngojeni niwape yangu. 2021, seva ya zahanati ilinigomea, nikabandika logi (kumbukumbu za seva) nzima kwenye ukurasa wa bagi, hadharani. Mistari mia nne na ushee, katikati imo nywila ya kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zote. Sikuiona. Na kanzidata yenyewe niliiacha wazi kwa intaneti, kosa la pili. Nikalala najisifu nimeripoti kitaalamu. Asubuhi majedwali yote hayapo, limebaki moja lenye ujumbe wa kudai bitcoin. Nikakimbilia kufuta ripoti, kumbe wanaofuatilia mradi walishapata nakala kwenye barua pepe. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku tisa nyuma. Tukaingiza upya kwa mkono kutoka kwenye madaftari. Kuna nesi hanisalimii mpaka leo.

Kidagaa: Siku tisa! Pole dada.

Mzee Kerneli: Huo ni uzembe, tusisingizie bagi.

Binti Kisarawe: Kaka, nimesema kosa langu. Soma.

Tundu la Panya: Nywila ikivuja unabadilisha kwanza, kufuta baadaye. Na tundu la usalama halitangazwi barazani, miradi mingi ina njia ya faragha, tafuta faili la SECURITY kwenye mradi, ndilo linaloielekeza.

Mchungwa: Kuhusu maelekezo, yakae pamoja na msimbo, kama Linux na folda yao ya Documentation. Ukibadilisha kimoja ukasahau kingine, anayekagua anakukamata.

Kidagaa: Na mama wa stoo naye ajifunze git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo? Wekeni wiki, kurasa za mtandaoni za kuhariri pamoja.

Mchungwa: Wiki yetu ina miaka minne, bado inaelekeza kitufe kilichoondolewa.

FundiStoo: Sasa mimi na Kiingereza changu cha kuombea maji?

Tundu la Panya: Kinatosha. Toleo gani, ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Ujumbe wa kosa unakili kwa maandishi, usipige picha skrini kwa simu. Picha haitafutiki.

Kidagaa: Mimi napiga picha na wananijibu.

FundiStoo: Ni andaskoo! Amoxicillin inasoma 48. Nafungua ripoti sasa hivi kabla usingizi haujanibeba. Voisi siifuti lakini.