Athens ya Georgia kwa familia yenye mtoto: mnaoishi huko, tupeni ukweli

MamaNuru_Moro
Habari za humu wapendwa. Mume wangu amepata nafasi ya uzamivu wa kilimo Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, na tunatakiwa tuwe Athens kabla masomo hayajaanza Agosti. Mimi na mtoto wetu wa miaka sita tunakwenda kwa viza ya F-2, ile ya mwenzi na watoto wa mwanafunzi. Ndugu yangu wa Houston anasema pale ni kijiji cha wanafunzi, nitakufa kwa upweke. Mume anasema ni Morogoro isiyo na milima. Nimwamini nani? Halafu tumeonyeshwa nyumba ya bei nafuu nje ya mji, wanataka amana wiki hii. Tulipe?

BintiPangani
Hongera dada, na msilipe kwanza. Mimi nililetwa hapa na mume kwa viza hiyo hiyo, kwa hiyo naongea na wewe, si shemeji. Yeye atashinda maabara, wewe ndiye utakayeishi mjini. F-2 hairuhusiwi kufanya kazi, hata kulea mtoto wa jirani kwa malipo. Maana yake gari litakuwa moja, au halitakuwepo kabisa, na nyumba ya nje ya mji bila gari ni kifungo. Barabara nyingi huko hazina hata njia ya waenda kwa miguu. Fungueni ramani ya mabasi ya mji, ndipo mtafute nyumba. Mabasi ni bure, unapanda tu, hakuna anayekuuliza kitambulisho. Ubaya wake yanachelewa, na Jumapili usiyategemee.

Nyumba nyingi zimejengewa wanafunzi, zinapangishwa kwa chumba na kila mmoja ana mkataba wake. Hakikisheni mnapewa nyumba nzima. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta na kila zulia. Mwenye nyumba wetu wa kwanza alitukata amana kwa doa tulilolikuta.

Sasa mpira. Si huu wetu, ule wa kukimbia nao mkononi. Uwanja uko katikati ya chuo na unaingiza watu zaidi ya 92,000, wakati sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi wote wa Athens kuwa 127,000 na ushei. Kwa hiyo Jumamosi ya mechi ya nyumbani, Septemba hadi Novemba, ni maturubai, nyama choma tangu asubuhi, nguo nyekundu na nyeusi kila kona, na barabara zimefungwa. Sokoni nenda Ijumaa. Wana mbwa wao wa timu, anaitwa Uga, akifa anazikwa humo humo uwanjani na wa baada yake anarithi jina. Mwanangu aliposikia akataka tupeleke maua.

Chakula ndicho kitakachokufurahisha. Watu wa kusini mwa Marekani wanakula bamia, kunde na viazi vitamu, na karanga wanazichemsha na maganda yake. Majani yao ya collard ukiyakata membamba ukayakaangia kitunguu, umepata sukuma wiki. Unga mweupe wa mahindi upo madukani, ila soma mfuko: ukiona "self-rising" uache. Umeshatiwa bekingi pauda na chumvi. Ukisonga, ugali unafura sufuriani na ladha ni ya skonzi. Kisamvu na dagaa ndiyo safari ya Atlanta, soko la DeKalb Farmers Market.

Baridi si ya kutisha, theluji inaonekana kwa nadra. Julai ni joto la jasho, la Dar kabisa. Ila jiandae na majira ya kuchipua: misonobari inamwaga chavua ya manjano mpaka gari lako hulijui rangi. Mwenye pumu aje na dawa.

Mzee_wa_Clarkston
Naomba kupingana kidogo. Kaeni huku Clarkston, karibu na Atlanta. Wakongo na Warundi tele, mtoto hatasahau Kiswahili, na kanisani tunaimba Kiswahili. Huko Athens mtasalimiana na miti tu. Kuna mti mmoja wanasema unajimiliki wenyewe, hauna mwenyewe!

BintiPangani
Mzee wangu, shikamoo. Upo huo mti, na hata huo uliopo umepandwa 1946 baada ya wa awali kuanguka. Lakini shemeji aendeshe zaidi ya saa moja kila asubuhi, arudi hivyo hivyo, na treni ya abiria hakuna? Huko tutakuja kusali na kununua samaki.

otieno_masomoni
Mambo mawili haraka. Muulize bwana kama mkataba wake wa posho ya chuo ni wa miezi 9 au 12, kwa sababu kiangazi bila posho kimewaumiza wengi. Na mtoto: shule ya serikali ni bure, lakini wataitisha cheti cha chanjo cha Georgia, fomu 3231. Beba kadi yake ya kliniki. Chuo pia hufundisha Kiswahili, na wanafunzi wakisikia kuna Mtanzania mjini watakutafuta wapate wa kuongea naye.

MamaNuru_Moro
Asanteni sana. Ile nyumba nimemwambia mume aachane nayo, amenuna kidogo. Vyombo vya jikoni nibebe?

BintiPangani
Mwiko na mbuzi ya nazi beba. Sufuria na meza acha. Mwisho wa Julai mikataba ya wanafunzi inapoisha, wanatupa vitu vizima kando ya majalala. Mkifika mapema niambie, nina nafasi kwenye gari.