Mashapo ya mifupa ya sangara yanatoka tofauti kila tunapoyapika kwa maikrowevu

Mwalimu wa Ilemela

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafundisha kemia hapa Mwanza, na muhula huu mimi na wanafunzi wanne wa kidato cha sita tunajaribu kutengeneza chembe laini za haidroksiapataiti, ile fosfeti ya kalsiamu inayoipa mifupa ugumu, kutokana na mifupa ya sangara. Mifupa haitusumbui kuipata, maana mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa, yanauzwa soko la Mwaloni Kirumba kila siku, na nyama ikishaliwa uti wa mgongo hubaki. Tunalenga kuondoa floraidi kwenye maji ya kunywa: haidroksiapataiti hushika floraidi kwa kuachia ioni ya haidroksidi na kuipokea ya floraidi mahali pake, na huko Shinyanga viko visima ambavyo floraidi yake inapita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani.

Mifupa tunaichemsha, tunaikwangua, tunaichoma kwenye tanuri mpaka iwe nyeupe bila kijivu chochote, tunaisaga, kisha tunaiyeyusha katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa. Baada ya hapo tunadondosha amonia mpaka pH (kipimo cha asidi na besi, ambapo chini ya 7 ni asidi) ifike 10, na mashapo meupe yanajitokeza kama tui. Bika, yaani gilasi ya maabara yenye mashapo hayo, tunaiweka wazi ndani ya maikrowevu ya kawaida ya nyumbani, asilimia 30 ya nguvu, dakika kumi.

Jumatatu tulipata mashapo mepesi ambayo hata kesho yake asubuhi yalikuwa bado yanaelea. Alhamisi, kwa vipimo vilevile, yalituama chini ya nusu saa, na ukiyasugua kwa vidole vyenye glovu unahisi chengachenga. Tunakosea wapi?

Fundi wa Nyakato

Mwalimu, heshima yako. Kemia sikuisomea, lakini maikrowevu ninazitengeneza kila wiki, na ningeanza na hiyo asilimia 30. Katika maikrowevu nyingi, isipokuwa zile zenye inveta, magnetroni, kile kifaa kinachotoa mawimbi, haijui kufanya kazi nusu nusu. Inawaka kwa nguvu zote kwa sekunde kadhaa, inazima kabisa, kisha inawaka tena. Tega sikio utasikia transfoma ikinguruma na kunyamaza. Kwa hiyo bika yako haikupikwa kwa moto mdogo. Ilichemshwa, ikapoa, ikachemshwa tena.

La pili ni umeme wenyewe. Jioni, mtaa mzima ukiwa unapika na kupiga pasi, volti hushuka, na nguvu ya magnetroni hushuka nayo. Usiamini namba iliyobandikwa nyuma. Chukua lita moja ya maji kwenye jagi la plastiki, koroga, pima joto, washa kwa nguvu zote sekunde 60, koroga, pima tena. Nyuzi zilizoongezeka zizidishe kwa 70, utapata wati zinazoingia kwenye maji. Yakipanda nyuzi 10, una kama wati 700. Fanya hivyo saa ileile mnayofanyia jaribio, siyo asubuhi wakati kazi yenu ni ya jioni.

La tatu, mawimbi ya gigahezi 2.45 yana urefu wa sentimita 12 hivi, na yakigonga kuta za chuma na kurudi, yanajenga sehemu zenye joto kali na sehemu zilizopoa, zikifuatana kila sentimita sita au karibu na hapo. Kabla hamjaingiza kemikali yoyote, toa sahani inayozunguka, tandaza ute wa yai kwenye sahani bapa ya kauri, washa kwa muda mfupi. Panapoganda na kuwa peupe ndipo penye joto. Chora ramani yake kwenye karatasi.

Nakuomba sana, wanafunzi wasifungue kava. Kapasita ya ndani inabeba zaidi ya volti 2,000 na inaweza kuua hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani.

Mtafiti, Arusha

Ninakubaliana na fundi kwa kila neno, na ushauri wake wa ute wa yai nitautumia mwenyewe. Niongeze upande wa kemia.

Sababu ya kutumia maikrowevu ni kwamba joto halisubiri kupita kwenye kioo cha bika. Molekuli za maji zina ncha chanya na ncha hasi, zinajaribu kugeuka pamoja na wimbi, na ioni zenu za kalsiamu na naitreti nazo zinavutwa huku na huku. Joto linazaliwa ndani ya mmumunyo. Joto likipanda haraka na kwa usawa, viini vingi vya fuwele, yaani punje za kwanza ambazo fuwele hukua kutoka kwazo, huzaliwa karibu wakati mmoja, kalsiamu na fosfeti vinagawanywa kwa viini vyote hivyo, na kila kimoja kinabaki kidogo. Joto likija kwa mafungu, viini vya kwanza vinatangulia kunenepa kabla vya pili havijazaliwa. Mwanakemia Victor LaMer alieleza mantiki hii ya viini mwaka 1950, muda mrefu kabla mtu hajaingiza bika kwenye maikrowevu. Wako wanaosema kwamba mawimbi haya yanavunja vifungo vya kemikali. Si kweli, nishati ya fotoni yake moja, yaani punje ndogo kabisa ya nishati ya wimbi, ni karibu elektronivolti 0.00001, na vifungo vinahitaji elektronivolti kadhaa.

Lakini, Mwalimu, mimi ninashuku zaidi amonia yako. Bika iko wazi, mmumunyo unachemka, amonia inaondoka na mvuke. Wakati huohuo, kujengeka kwa haidroksiapataiti kunakula ioni za haidroksidi. Mnaanza na pH 10, lakini mnamaliza na ngapi? Ikishuka hadi kwenye utindikali, fosfeti nyingine za kalsiamu zinajitokeza, zenye fuwele kubwa zaidi. Pima pH baada ya kupika, si kabla tu.

Msije mkaifunga bika ili kuzuia amonia. Chombo kilichofungwa kitapasuka. Acheni mashapo yakomae kwanza pH 10, mkiirudisha kila inaposhuka, kisha pikeni kwa nguvu zote kwa vipindi vifupi, mkikoroga katikati, na glasi ya maji ikiwa kando ili imeze nguvu ya ziada. Dirisha liwe wazi. Osheni mashapo vizuri kabla ya kuyakausha, kwa sababu naitreti ya amonia iliyobaki haifai kupashwa ikiwa kavu. Na maikrowevu hiyo isirudi kupasha chakula cha mtu yeyote, hata ikisafishwa namna gani.

Kuhusu ukubwa wa chembe, kutuama si kipimo cha kuaminika, kwa sababu chembe ndogo zikishikana zinazama kama kubwa. Tafuteni maabara ya madini yenye mashine ya eksirei. Upana wa vilele vya mchoro wake, kwa kanuni ya Scherrer ya mwaka 1918, utawapa ukubwa wa fuwele kwa nanometa.

Mwalimu wa Ilemela

Ahsanteni sana, ndugu zangu. Ute wa yai uliganda sehemu tatu, kila moja kama sarafu ya shilingi mia, na katikati, pale tulipokuwa tukiweka bika siku zote, ulibaki mbichi kabisa. Maji ya saa moja asubuhi yalipanda nyuzi 10. Ya saa moja usiku, nyuzi 7. Tulikuwa na mabaki ya Alhamisi kwenye chupa, tukayapima: pH 6. Ya Jumatatu yalikuwa 9.

Leo tumepika asubuhi, bika ikiwa juu ya mojawapo ya zile sehemu tatu, vipindi sita vya sekunde 20, tukiongeza amonia kidogo kila mara pH ilipogusa 9. Tumefanya mara tatu mfululizo, na chupa zote tatu, nikiandika hapa saa kumi jioni, bado zina weupe uleule kutoka juu hadi chini. Mmoja wa wanafunzi amezipanga dirishani na kuandika saa kwenye kila chupa. Sampuli za kupeleka kwenye eksirei tutaanza kuzikausha kesho, baada ya kuziosha mara tano.