Eti "mpagazi wangu"! Wakuu, leo uzalendo umenishinda

Mtembezi wa Majengo:

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na ule wa safari, huu ni wa hasira. Sitamtaja jina na wala sina haja, mnamjua. Yule yule bingwa wa dunia nzima, mwenye kofia ya ukili kwenye picha, ambaye hakuna uzi wa safari humu asiouvamia na "mimi nilipokuwa Peru". Huyo huyo. Na anasoma hapa sasa hivi, yuko kitanda cha juu mimi niko cha chini.

Nipo Santa Marta, Kolombia, saa tano usiku, joto kama ndani ya tanuri la mkate. Tumetoka hifadhi ya Tayrona leo mchana. Na jana, mbele ya watu, nimeitwa MPAGAZI.

Ngoja nieleze maana mkono unatetemeka. Tuna wiki tatu barabarani. Bogotá mita 2,640 juu ya bahari, kichwa kikamuuma siku mbili, nani alimchemshia chai? Mimi. Basi la usiku kwenda Cartagena, kiyoyozi kama chumba cha kuhifadhia samaki, shuka la Kimasai alijifunika nani? Yeye. La nani? Langu! Nilifika Cartagena meno yanagongana kama njuga na nje jua linachemsha lami. Sikusema kitu. Mwenzako safarini ni ndugu yako, hivyo ndivyo nilivyolelewa.

Halafu Tayrona. Kutoka geti la El Zaino unapanda kigari mpaka Cañaveral, baada ya hapo ni miguu yako, kama saa mbili hivi mpaka Cabo San Juan, matope, mizizi, ngazi za mbao, jasho linakuingia machoni. Hatujafika hata robo jamaa anashika goti. Nikamwambia kuna farasi wa kukodi pale, akasema ghali. Basi nikabeba begi lake. Langu mgongoni, lake kifuani, kama punda wa Lamu siku ya saruji. Begi lake zito utadhani amehama na ukuta wa nyumba. Na yeye mbele, mikono mitupu, anapiga picha. Hata sisimizi wa njia ile, wale wanaokata majani, kila mmoja alikuwa amebeba kipande chake mwenyewe. Sisimizi!

Tunafika Cabo San Juan, kuna foleni ya kupata hamaka, ule wavu wa kulalia unaoning'inia. Nyuma yetu Wajerumani wawili, mtu na mkewe. Yule baba akauliza kwa upole tu, mko pamoja? Na huyu mtu, wakuu, huyu huyu mnayempa likes, akacheka akasema "es mi maletero, de Kilimanjaro".

Alidhani sijui. Neno hilo nimejifunza stendi ya Bogotá siku ya kwanza, ndivyo wanavyoitwa wale jamaa wanaobeba mizigo ya abiria. Mpagazi wangu, kutoka Kilimanjaro. Nimezaliwa Moshi, kweli. Ila tiketi nimejilipia, chumba nagawana naye nusu kwa nusu, goti ni lake na begi ni lake!

Na haikuishia hapo. Yule mama wa Kijerumani akanionea huruma, akatoa noti ya peso 2,000, ile ya bluu yenye sura ya yule mchoraji wao Débora Arango, akanitia mkononi akanipiga piga bega. Kama nusu dola hivi. BEGA, wakuu. Kama ng'ombe aliyemaliza kulima. Na huyu mtu amesimama pale anacheka mpaka kofia inamdondoka. Nani aliiokota kofia? Msiniulize.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku nne kabla tulisimama wote Cartagena pale Plaza de los Coches, palipokuwa soko la kuuzia watu, mababu waliotolewa Afrika wakashushwa bandarini kama magunia. Pembeni yake kuna vibaraza wanauza vitamu, kuna cocada, ni kashata za nazi kabisa, nilishindwa kumeza. Kesho yake tukaenda San Basilio de Palenque, kijiji cha waliotoroka utumwa wakiongozwa na Benkos Biohó, sanamu yake iko uwanjani imenyoosha mikono minyororo imekatika. Bibi mmoja pale ananionyesha mnyama anasema "ngombe". Ngombe! Mtoto wanamwita "moná". Wingi wanaweka "ma" mbele ya neno. Ni Kikongo hicho kilichovuka bahari, kimekaa na Kihispania miaka yote hiyo na bado mimi mtu wa Moshi nakisikia. Machozi yalinitoka. Huyu bwana alikuwa anatafuta mtandao.

Na siku nne baadaye ananiita mpagazi wake. Wake. Mbele ya foleni.

Kiti cha Dirishani:
Nimekaa pale 🪑

Mama Ubwabwa:
Pole mwanangu. Huyo tunamjua, alishakuja kwangu akala siku tatu akaondoka na kijiko. Ila hujasema, ile elfu mbili ulirudisha?

Mtembezi wa Majengo:
Mama shikamoo. Hiyo sio hoja. Ninayo hapa nimeikunja kwenye pasipoti kama ushahidi.

Bwana Nauli:
Kwahiyo bahshishi ulipokea 😂😂😂 Mkuu wewe ni mpagazi, tena mwenye mteja. Funga uzi.

Mgumu wa Marangu:
Samahani nauliza kwa heshima. Mpagazi ni tusi tangu lini? Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyoitwa wapagazi wa mlima Kilimanjaro, mwaka wa tisa, nimesomesha wadogo zangu wawili kwa kichwa na mgongo huu. Hifadhi yetu ina kikomo cha mzigo, kilo 20 na unapimwa getini. Wewe umebeba mabegi mawili kwenye tambarare kando ya bahari unalia mtandaoni?

Mtembezi wa Majengo:
Kaka hujanielewa na naomba unielewe. Baba yangu mdogo alikuwa mgumu, naijua hiyo kazi. Wewe unabeba kwa mapatano, unalipwa, mteja anakuita kwa jina lako. Mimi nilibeba kwa undugu, bure, kwa sababu goti linamuuma, halafu undugu wangu akaugeuza kuwa ajira yangu mbele ya wageni ili aonekane bosi. Hapo ndipo palipochanika.

Mgumu wa Marangu:
Hapo nimekuelewa. Ila bahshishi nayo ni ndogo, ungedai.

Kiti cha Dirishani:
Tena na sisi tuseme, kampuni nyingine huku mgeni anaacha bahshishi nono, ikifika kwa wagumu imeyeyuka kama theluji ya Kibo.

Mgumu wa Marangu:
USIANZE. Nikianza hapa hatulali. Msimu uliopita tumeshuka watu kumi na mmoja, bahasha imepita mikono mitatu, mimi nikapata ya soda.

Binti Pemba:
Nyie mnalilia mizigo, mimi huyo huyo alinikopa dola 40 uwanja wa ndege, akasema akitua tu anatuma. Katua nchi sita tangu hapo, picha zote naziona.

Bwana Nauli:
Dola 40 tu? 😂 Mimi ana hema langu.

Msaka Viza:
Wadau samahani niko nje ya mada kidogo, viza ya Kolombia mmepataje? Mimi nimekataliwa mara mbili, sababu siambiwi, ada imeliwa. Bora kuitwa mpagazi ukiwa umefika kuliko kuitwa mheshimiwa ukiwa Buguruni.

Mtembezi wa Majengo:
Fungua uzi wako mkuu. Mimi nimeitwa MPAGAZI.

Mla Samaki:
Chakula huko vipi lakini? Nasikia wanakula ugali.

Mtembezi wa Majengo:
Hamna ugali, kuna arepa, mkate wa mahindi, huku pwani wanaukaanga na yai ndani. Na samaki wa kukaanga, ndizi mbichi zilizopondwa, na wali wa nazi. Ule wali ndio umenishangaza, wanachemsha tui mpaka likauke libaki mafuta na chicha za kahawia, wanatia sukari, ndipo wanamwaga mchele. Unatoka wa kahawia, mtamu.

Dada wa Kibokoni:
Ati sukari?? Wali wa nazi watiwa sukari, kwani ni kaimati? Hao watu wa wapi hao? Huku Mombasa ukinipikia hivyo narudi kwa mamangu.

Mla Samaki:
Dada usikatae kabla hujaonja. Na kusema kweli wali wa nazi ni Tanga, Mombasa mnaweka maji mengi.

Dada wa Kibokoni:
Maji gani! Tui la kwanza, la pili, la tatu twalijua sisi, nyinyi Tanga mwakoroga lote kwa mpigo mmoja kama uji.

Mama Ubwabwa:
Nyamazeni wote wawili. Wali wa nazi ni Unguja.

Mtembezi wa Majengo:
Wakuu turudi kwenye mada. Nimeitwa mpagazi mbele ya foleni nzima. Na sasa hivi ameshuka kitandani anapekua begi langu anatafuta chaja. Chaja yangu!

Dada wa Kibokoni:
Kakangu, hebu kwanza muulize mtu hapo hosteli, hiyo nazi waikuna wenyewe ama ni ya kopo?